Mwaka wa Kucheza kwenye Jivu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya jirani mwenye harusi, nikakuta wanawake wamewasha nyasi kavu, wanapasha ngoma moto ili ngozi ikaze. Ile harufu ya ngozi inayokaribia kuungua ilinisimamisha pale pale na kapu langu la mboga mkononi. Mmoja wao akaniuliza kama namtafuta mtu. Nikamwambia hapana, napita tu. Nilimdanganya. Nilikuwa nimeshafika kwenye ua wa Haboba kule Arua, nina miaka saba, na hakuna hata mtu mmoja wa kwetu karibu yangu.

Wenzangu wa rika hili mtanielewa bila maneno mengi. Sisi watoto wa askari wa Koboko tulijua kufunga mzigo kabla hatujajua kufunga vifungo vya gauni. Serikali waliyoitumikia baba zetu ilipoanguka, mimi nilivuka mpaka kuingia Sudan nikiwa mgongoni mwa mama. Baba yangu alifia Sudan kwa homa. Vita vya huko vilipotufukuza, tulirudi nyumbani wawili, mama na mimi, tukiwa na sufuria moja na blanketi. Kwa hiyo nilikuwa nimezoea kuhama. Kitu ambacho sikuwa nimezoea ni kuhama bila mama.

Siku hiyo alinisugua kwa sabuni hadi nikalalamika, akanipaka mafuta ya simsim, akanivika gauni la kijani lililonipwaya. Tukapanda lori la tumbaku kutoka Koboko. Juu ya magunia ndipo aliponiambia kwamba nakwenda kukaa kwa mama mmoja mkubwa anayefundisha doluka, ile ngoma ya wanawake wa Kinubi ambayo wenye harusi Koboko na Arua hawawezi kuikosa. Nikamuuliza nitakaa siku ngapi. Akasema, "Utaona." Tangu siku hiyo silipendi neno hilo, na wanangu wanajua wasinijibu hivyo.

Haboba ndiyo bibi, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mfupi, mwenye nyayo pana na pini puani, na hakuwahi kuharakisha kitu chochote. Alituketisha kwenye mkeka, akawaita majirani wawili wanawake waje wawe mashahidi. Mama akaweka mbele yao kitenge, mche wa sabuni na kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kama mtu anayetoa ushahidi barazani:

"Mutoto hii mimi naachia wewe mwaka muzima. Mutu asichukue yeye. Hata mutu ya ukoo. Hata mimi mwenyewe nikikuja hapa kulia, wewe hapana toa."

"Mimi nasikia," Haboba akasema. "Na hawa iko nasikia. Mwaka ni mwaka."

Nilimtazama yule kuku, nikapiga hesabu zangu za kitoto. Nilikuwa nimeona harusi. Nilijua kwamba binti akitoka, wazazi wake ndio wanaopewa vitu. Hapa mama alikuwa anatoa vitu, na juu ya hivyo vitu ananitoa na mimi. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kwamba mimi ni mzigo, na kile kitenge na sabuni na kuku ni pole anayopewa mtu anayekubali kuubeba. Mama akanishika kichwa, akatoka akitembea haraka. Hakugeuka. Nilisimama mlangoni nikamtazama hadi barabara ikamficha, na hata baada ya hapo niliendelea kusimama.

Tulikuwa wasichana wanne. Watatu walikuwa wakubwa kuliko mimi, na mmoja wao, Saida, binti wa wakulima wa Logiri, ndiye niliyelala naye mkeka mmoja. Hawakuwa wabaya. Walinitania gauni langu, wakanipa sehemu yangu ya uji, basi. Tulielewana kwa Kiswahili na kwa kile Kiarabu changu cha Sudan, lakini hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye Kikakwa, lugha ya kwetu. Nikawa nazungumza na yule kuku mwekundu. Yeye alikuwa ametoka nyumbani kwetu na nilimwona kama ndugu. Asubuhi nilimwambia nilichoota, naye akaparura chini akaondoka zake.

Jumapili ya kwanza, tukiwa tunapepeta mtama, nikasikia kelele za watu wengi kutoka upande wa Onduparaka. Kule nilikokulia, watu wengi wakipiga kelele kwa pamoja maana yake ilikuwa moja tu. Nikakimbilia ndani, nikakunja shuka langu, nikafunga gauni na kikombe, nikajitwika, nikaenda kumfungua kuku. Nilipotoka nikiwa tayari nimemkumbatia, niliwakuta wote wameacha kupepeta wananitazama. Saida akacheka hadi akakaa chini.

"Hii ni mpira!" akasema. "Watu iko nacheza mpira!"

Haboba hakucheka. Alinipokea mzigo, akaufungua mwenyewe, akarudisha kila kitu mahali pake. "Hapa hakuna mutu nakimbia," akaniambia. Ningependa kuwaambieni kwamba maneno hayo yalinifariji. Hayakunifariji. Mimi nilitamani watu wakimbie, kwa sababu nilijua tukikimbia wote, huko tunakokimbilia nitamkuta mama.

Masomo yalianza baada ya sala ya alasiri, jua likipungua ukali. Haboba alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona tena popote. Ua ukishafagiliwa, alichekecha jivu la jikoni juu yake, laini kama unga. Tukasimama kwa mstari, yeye akakaa na ngoma iliyopashwa moto. Katika doluka yake mguu haunyanyuliwi, unateleza. Goti linalainika, bega linatulia, na unyayo unakwenda mbele na kurudi bila kuiacha ardhi. Tukimaliza, aliinuka na fimbo yake akapita polepole akisoma tulichoandika. Mguu unaojua uliacha mstari mrefu laini. Mguu usiojua uliacha matundu matundu. Alikuwa akigusa tundu kwa ncha ya fimbo na kusema, "Hapa wewe nafikiri chakula. Hapa wewe naogopa mimi. Hapa wewe natazama gauni ya mwenzako." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa namwogopa kwa sababu hiyo hasa.

Haikuchukua muda mrefu nikaunda mpango wangu. Nilikuwa nimeona sokoni Koboko mwanamke akirudisha sufuria inayovuja, akaibwaga mbele ya muuzaji, na muuzaji akaipokea kwa aibu. Nikaamua kuvuja. Nilifikiri Haboba akiona sifai atanibwaga kwenye lori la tumbaku na kunirudisha kwa mwenye mali. Basi nikawa nacheza vibaya. Nilinyanyua mguu pale unapotakiwa kuteleza, niligongana na wenzangu, nilizunguka kulia wao wakienda kushoto. Wenzangu walinichoka. Haboba alikuwa akisimama juu ya mistari yangu muda mrefu kuliko ya wengine, anaitazama, kisha anapita.

Tabu ni kwamba mwili wangu haukuwa upande wangu. Kufikia mwezi wa pili niliijua ile ngoma yote. Nikiwa peke yangu jikoni nikisaga simsim, miguu ilikwenda yenyewe. Na siku moja tulipokwenda kwenye harusi mjini Arua, wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ikanipanda kichwani nikausahau mpango. Nilicheza. Nilicheza hadi mama mmoja akavua mtandio wake akanifunga kiunoni, na mwingine akauliza, "Hii ni mutoto ya nani?" akaambiwa ni wa fulani, yule askari wa Koboko. Nilipokumbuka nilichokuwa nafanya nilishtuka, nikajifanya nimechoka. Usiku huo niliona nimejiharibia mwenyewe.

Muda si mrefu baada ya harusi hiyo, mama akaja. Alikuja na baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Nilikuwa najaza mtungi nikawaona wanaingia uani, na mtungi nikauacha hapo hapo. Baba mdogo alikuwa amebeba muwa na pakiti ya biskuti. Alikuwa na uso wa baba kabisa, na mwendo wa baba, ule wa kijeshi wa kifua mbele. Alinirusha juu, akanidaka, akaniita mutoto ya kaka. Mama alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mapya juu ya makovu ya zamani. Alinigusa shavu, akaenda kukaa kwenye mkeka, akainamisha macho, na hapo yakabaki.

Tukatumwa nyuma ya nyumba wakati wakubwa wanazungumza. Nilisikia sauti ya baba mdogo ikipanda na ya Haboba ikibaki pale pale. Kisha Saida akatumwa kumkamata kuku mwekundu awe kitoweo cha wageni. Nilimwomba amkamate mwingine. Akasema ndiye aliyenona. Sikubishana sana, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa nafikiri jambo moja tu: leo nakwenda nyumbani.

"Hawa, kuja," Haboba akaniita kwa jina langu.

Jivu lilikuwa limeshachekechwa. Safari hii nilikuwa peke yangu. Baba mdogo alikuwa amekaa mbele kabisa, ananitabasamia, mama ubavuni mwake. Ngoma ikaanza, na mimi nikavuja kama sijawahi kuvuja. Nilirukaruka, nilijikwaa, nilianguka kwa magoti nikainuka nikaendelea kwa mguu usio wake. Huku nacheza nilikuwa namtazama mama, ili aone jinsi nisivyofaa kukaa hapa, aone aibu, anichukue. Mama hakunyanyua uso. Alikuwa anang'oa nyuzi za mkeka, moja moja.

Ngoma ikanyamaza. Tabasamu la baba mdogo lilikuwa limekwisha. "Hii ndiyo watu nasema iko najua?"

Haboba akaamka na fimbo yake. Alitembea juu ya lile jivu kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akasimama mahali pamoja akainama. Sijawahi kuona mtu akisoma kwa muda mrefu vile. Mwishowe akasema, "Iko mbichi."

"Kama iko mbichi, mimi nachukua yeye. Amekula bure."

"Mbichi mimi hapana toa. Watu nitasema nini ya mukono yangu?"

Hapo ndipo mama aliposema, akiwa bado anautazama mkeka: "Acha akae, shemeji. Hajui kitu. Kama mwaka haitoshi, akae ingine."

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, najua tu kwamba ilikuwa Kikakwa na kwamba niliushika mguu wa baba mdogo, si wa mama. Yeye ndiye aliyenibandua taratibu, akanipa ule muwa. "Jifunze haraka, mutoto ya kaka. Mimi nitakuja." Mama alikuwa ameshafika barabarani. Kama mara ya kwanza, hakugeuka. Wageni hawakula, kwa hiyo kuku wangu tulimla sisi wasichana, na mimi nilikula na niliona ni mtamu, nikazidi kulia.

Saida ndiye aliyenifungua macho kesho yake, tukiwa tunafua. "Mujinga wewe," akasema. "Haboba hapana rudisha mutoto mbichi. Mwenye hajui ndiye nakaa." Kumbe miezi yote ile nilikuwa najifungia mlango kwa mikono yangu. Kuanzia hapo nilijifunza kwa hasira. Nilikuwa wa kwanza kusimama kwenye jivu na wa mwisho kuondoka. Mistari yangu ikanyooka hadi wale wakubwa wakawa wanakwepa kusimama karibu nami. Haboba alinisifu mara moja tu, kwa kupita bila kugusa kitu na fimbo. Lakini furaha ya ile harusi ya kwanza haikurudi. Nilikuwa nacheza ili niondoke. Baba mdogo hakutokea tena. Kila jioni nilikuwa nikiangalia barabara nikimtafuta yeye, siyo mama. Mama nilikuwa nimeshamfuta, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia nikiwa nimelala na uso ukutani ili Saida asisikie.

Mwaka ulipokwisha, simsim ikiwa imeshavunwa, mama akaja peke yake asubuhi. Haboba akamwambia, "Sasa ameiva. Nipige ngoma uone?" Mama akasema lori halingoji. Kwa hiyo ile ngoma niliyoisotea sikumchezea. Akajitwika mzigo wangu, tukaondoka, na safari hii mimi ndiye niliyekataa kugeuka.

Hatukurudi Koboko mjini. Tulikwenda Kuluba, kwenye kipande cha shamba cha baba, ambapo mama alikuwa amejenga nyumba ya udongo, ameezeka mwenyewe, na amepanda muhogo pande zote. Nilimuuliza baba mdogo yuko wapi. Akasema amehamia Zaire, ameoa huko. Nililia siku nzima kwa ajili yake, nikasema maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake: kwamba baba mdogo ndiye aliyenipenda, kwamba alitaka kunichukua na wewe ukakataa. Mama aliendelea kuchambua mboga. Akaniacha nilie.

Tuliishi vizuri baada ya hapo. Simnyimi haki yake, alinilea na kunisomesha. Lakini kulikuwa na chumba kimoja ndani yangu ambacho hakuwahi kukanyaga. Shuleni nilikuwa kiongozi wa ngoma, wazazi wa wenzangu wakaja kutazama, mimi wangu sikumwalika. Nilipoolewa na kupata watoto niliwasimulia habari za baba mdogo na muwa wake. Habari za mama niliwasimulia kama watu wanavyosimulia habari za serikali.

Alipozeeka nikamchukua akae kwangu. Asubuhi moja tulikuwa barazani tukimenya karanga, na sijui kwa nini, nikamtaja baba mdogo, nikasema yule mtu alikuwa na moyo. Mikono ya mama ikasimama. Tulikuwa tukizungumza Kikakwa, naandika hapa kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"Alitaka kunirithi," akasema. "Ndiyo desturi, sikumlaumu. Nikakataa. Akasema sawa, baki peke yako, lakini mtoto ni wa ukoo wetu, nakwenda naye Zaire. Nani angemzuia? Wazee wangesema ni haki yake. Nikatafuta mtu ambaye akishapokea mtoto mbele ya mashahidi hawezi kumtoa."

"Ndiyo maana ukamwambia Haboba hata wewe asikupe."

"Angenilazimisha mimi nikuombe. Nilijijua." Akamenya moja. "Halafu akasikia umecheza harusini. Akasema kama mtoto ameshajua, mwaka wa nini tena, twende nikamchukue. Nikapanda naye lori kwa sababu sikuweza kumwacha aende peke yake. Njia nzima niliomba kitu kimoja, ucheze vibaya."

Nilikuwa na karanga mkononi na sikujua niiweke wapi.

"Ulipoanza kurukaruka nilijua unafanya makusudi. Wewe ulicheza kabla hujatembea vizuri. Haboba naye alijua, aliniambia baadaye, jivu lilionyesha mguu unaanza sawa halafu unajiharibu. Nilishindwa kukutazama. Yule alikuwa amekaa hapa." Akagusa kiwiko chake. "Ningekutazama, ningecheka au ningelia, na yeye angeona."

Nililia pale barazani, mtu mzima na wajukuu wawili, nikalia kwa kwikwi. Yeye akaningoja. Nilipoweza kusema nilimuuliza kwa nini hakuniambia baadaye, tulipokuwa Kuluba, mtu ameshahama, hatari imepita. Kwa nini aliniacha nikae naye miaka yote hiyo moyo wangu ukiwa kwa mwingine.

Mama akanitazama kama ananishangaa kwa kutojua.

"Ulikuwa unampenda," akasema. "Na baba ulikuwa huna. Nikunyang'anye na huyo?"